Raba za Badriya

Siku ya kwanza ya masomo Hyasinta alikalia mbuzi uani kwa Ubeid, akaosha mchele, lakini nazi hakukuna. Aliwaeleza wanafunzi wake wawili kwamba wali wa Kijapani hautiwi nazi, hautiwi mafuta, hautiwi hata chumvi. Yule mdogo, Hamdiya, mwenye miaka mitano na asiyejua kuficha neno, akauliza kama Wajapani wote ni wagonjwa. Hyasinta akasema hapana, ni wazima wa afya, tena wanachapa kazi kuliko siafu. Hamdiya akatafuna tonge lake kwa huruma.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, pale Kariakoo: duka mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mwenye duka, Ubeid, babu zake walitoka Hadhramaut, na yeye alizaliwa katika chumba cha pili mkono wa kulia. Enzi zake aliuza khanga zilizoletwa na meli kutoka Japani, zikinukia wanga hata mtu akipita nje alijua mzigo umefika. Serikali ilipoichukua biashara ya jumla, rafu zake zilibaki na vifungo, nyuzi na lasi. Ubeid hakunung'unika sana. Alikuwa na imani yake kwamba iko siku mlango utafunguliwa, na siku hiyo anayejua kusema na Mjapani kwa Kijapani ndiye atakayepata robota la kwanza la khanga. Kiingereza, alisema, kila kondakta wa UDA anacho.

Hiyo ndiyo sababu aliyoitaja. Ile asiyoitaja ilikuwa imekaa mkekani mbele ya Hyasinta, jina lake Badriya. Badriya alikuwa darasa la tano, wa kwanza katika hesabu, mpaka mwezi alipovunja ungo. Wiki hiyohiyo baba yake akamtoa shule. Mama mtu alishafariki, na Ubeid alilea mabinti wake kama mtu aliyebeba mayai kwenye msongamano wa watu. Hakuwa baba mkali. Kila Ijumaa aliwaletea halua, na Badriya akiumwa kichwa yeye ndiye aliyekosa usingizi. Ila mtaa, alisema, una macho mengi mno, na basi. Kwa kuwa hakupenda mtoto akae bure, akamtafutia mwalimu wa nyumbani, wa kitu ambacho hakuna mtoto mwingine wa Kariakoo aliyekuwa nacho.

Hyasinta alikuwa mtu wa Masasi, mpangaji wa chumba kimoja Buguruni. Miaka mingi alikuwa mpishi Upanga kwa mhandisi wa Kijapani, Bwana Morita, na kwa kuwa Bibi Morita hakuwa na mtu wa kuongea naye mchana kutwa, alimfundisha mpishi wake kupika kwao na kusema kwao. Kisha mkataba ukaisha, wakarudi makwao. Hyasinta akabaki na kisu kizuri, vijiti vya kulia chakula, na lugha ambayo Buguruni nzima hakuna wa kuisema naye. Alipoitwa na Ubeid aliona afadhali, angalau atapata wa kuamkiana naye.

Masomo yalikwenda vizuri. Supu ya samaki mkavu aliipika kwa dagaa. Wali aliwafundisha kuufinyanga pembe tatu kwa viganja vilivyolowa, na kwa kuwa jani la baharini la kuufungia halikuwepo, akaufungia jani la boga lililochemshwa, kitu ambacho Bibi Morita asingekikubali ila Masasi kingependwa. Kuinama kusalimia walikujua upesi. Kukaa juu ya visigino ndiko hakukuwa na la kufundisha, maana walishazoea kukaa hivyo kwenye swala. Ubeid alichungulia, akawaona wamekaa wima na vikombe vyao vya chai isiyo na sukari, akasema hawa Wajapani bila shaka wamejifunzia kwetu.

Kisha likaja somo la mlango. Hyasinta alieleza kwamba Wajapani huvua viatu mlangoni kama Waswahili, ila wao wakishavua huchuchumaa, wakavigeuza, ncha zikatazama nje, ili atakayetoka atie miguu tu na kwenda zake. Anayetoka haondoki kimya. Husema "ittekimasu", yaani naenda na nitarudi, na anayebaki hujibu "itterasshai", nenda urudi. Badriya akaingia chumbani, akatoa uvunguni raba zake nyeupe za shule, akazipanga penye kizingiti cha mlango wa mbele, ncha zikitazama mtaani. Akainama, akasema maneno kama alivyofundishwa. Hyasinta akajibu. Kwa kuwa somo lilikuwa limekwisha na msichana haruhusiwi kuvuka mlango, Badriya akageuka, akarudi uani kumalizia wali wake.

Raba zikatoka.

Zilishuka kizingiti, ya kulia kwanza, zikapita kando ya wacheza bao, zikasubiri mkokoteni wa viazi upite, kisha zikavuka. Hyasinta alisimama mlangoni, akazitazama mpaka zilipokata kona kuelekea Msimbazi. Alilifikiri jambo hilo kama mpishi anavyofikiri chumvi iliyozidi, akaona kosa liko wapi: kwaheri ilikuwa imesemwa na kujibiwa, na haiwezekani kwaheri isemwe halafu asiondoke mtu. Muuza kahawa wa pale nje alisema tu kwamba zifungwe kamba vizuri, zisije zikajikwaa.

Zilirudi kabla ya magharibi, zina tope. Badriya akazipangusa, akazivaa, akakaa nazo ukumbini, na palepale akajua zilikokuwa. Zilikuwa zimezunguka lile soko jipya lenye mapaa ya miavuli, zikashuka chini kwenye magunia, zikapanda tena. Alimweleza Hamdiya bei ya vitunguu na mahali anapokaa mama mwenye papai tamu, na yote yalikuwa kweli.

Kesho yake asubuhi akaaga tena, na raba zikaenda shule.

Zilikaa chini ya dawati lake la zamani, darasa la tano. Mwalimu mkuu, Vitalis, alipoita jina la Badriya Ubeid, raba zikagonga kisigino sakafuni, naye akaendelea na jina linalofuata. Ikawa hivyo siku zote. Jioni Badriya alizivaa, na masomo yakampanda miguuni: sehemu na desimali zilimfika magotini, jiografia ikapanda mpaka kiunoni, na siasa ilimwasha visigino. Mchana aliendelea na Kijapani chake pamoja na mdogo wake. Ubeid aliyaona yote hayo, akatoa fungu la mkonge la kusugulia raba na kipande cha chaki cha kuzipaka ziwe nyeupe, maana hakutaka aibu shuleni.

Mwanzoni Hyasinta alifurahi. Alijiona amefanya jambo. Mpaka mchana mmoja, wakifinyanga wali, Badriya akasema bila kuinua macho, tena kwa Kiswahili, ingawa saa ile ilikuwa ya Kijapani tupu:

"Mwalimu, mimi nataka kuzivaa ndipo ziende."

Hyasinta hakumsahihisha lugha. Usiku ule alilala vibaya.

Mwaka huo ndio ulipotoka msisitizo kwamba kila mtoto lazima asome, na mabalozi wa nyumba kumi walipita mlango kwa mlango kuulizia watoto. Hyasinta alimjua balozi wa Narung'ombe, Ndugu Bakili, mtu wa haki aliyewahi kumkemea hata shemeji yake kwenye foleni ya sukari. Akamfuata kwake, akamwambia wazi: kwa Ubeid kuna msichana amefungiwa ndani, shule haendi, na sheria ipo. Alipotoka pale alijua kazi itamponyoka, lakini mtoto atatoka.

Bakili akaja kesho yake, amevaa kofia na beji ya chama. Ubeid alimkaribisha, akamtilia kahawa, akabadilika rangi aliposikia anachokuja kuulizia. Akaonyesha mlangoni, mahali pa raba, ambapo wakati huo palikuwa patupu kwa kuwa zilikuwa darasani. Bakili akasema anazijua. Asubuhi ileile alizipisha njiani zikiwahi namba shuleni, na Jumamosi iliyopita aliziona kwenye shamba la shule zikikanyaga matuta ya mihogo vizuri kuliko wavulana.

Hyasinta, aliyekuwa amesimama mlango wa uani na mwiko mkononi, hakuweza kunyamaza. Akauliza, "Na mtoto mwenyewe, Ndugu Balozi?"

"Mama," Bakili akamjibu kwa upole, "mahudhurio yamekamilika."

Akamaliza kahawa, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Ubeid hakuuliza nani aliyemwita. Alimwongezea Hyasinta mchele wa kwenda nao nyumbani, kwa shukrani ya elimu ile ya mlango iliyomwokoa, naye Hyasinta akaubeba mpaka Buguruni huku ukimlemea kuliko uzito wake.

Baada ya hapo hata mwalimu mkuu alifika kumpongeza mzazi. Vitalis alikunywa chai, akasema katika miaka yake yote ya ualimu hajapata kuwa na mwanafunzi wa namna ile. Hazichelewi, hazipigi kelele, hazibishani na walimu. Kisha akateremsha sauti, kwa kuwa alijua binti yuko nyuma ya pazia, akasema, na mimba hazipati. Ubeid aliliona hilo ndilo neno la maana kuliko yote aliyowahi kuyasikia kutoka kwa mtumishi wa serikali. Nyuma ya pazia Badriya alikuwa na Hyasinta, wakichambua dagaa. Wote wawili walisikia. Badriya aling'oa kichwa cha dagaa, akang'oa kingine, akaendelea hivyo mpaka sahani ikajaa.

Ilikuwa darasa la saba lilipoanza ndipo Hyasinta alipogundua jambo. Raba zilikuwa zimekua. Hakuna aliyezibadilisha, ni zilezile, doa la wino palepale kwenye kidole, lakini zilikuwa ndefu na pana, za mtu mzima anayetembea sana. Miguu ya Badriya haikukua. Ilikuwa laini na midogo kama siku ile alipotolewa shule, na nyayo zake hazikuwa hata na sugu. Akizivaa jioni zilimpwaya. Alisokota matambara akayajaza mbele, na kwa muda ikasaidia, lakini masomo yalianza kufika vipandevipande, kama redio iliyochoka betri. Alipata swali bila jibu, au mto bila nchi unakopita. Alikaa ukumbini mpaka isha, miguu ndani ya raba, akisubiri.

"Zinajua vitu ambavyo mimi sivijui," alimwambia Hyasinta, na sauti yake haikuwa na wivu wala hasira, alikuwa anatoa taarifa tu. Hyasinta ndiye aliyelia, huko njiani, kwenye daraja la Msimbazi, akajifuta kwa upindo wa khanga kabla hajafika kwa watu wanaomjua.

Mtihani wa darasa la saba raba ziliufanya kama wengine. Zilichovya ncha za kamba katika wino, zikajibu maswali yote, mwandiko umelalia kulia. Majina yalipotoka, Badriya Ubeid alikuwa miongoni mwa wachache waliochaguliwa sekondari, shule ya bweni ya wasichana huko bara. Mtaa ulishangilia. Ubeid alilia machozi mbele za watu, akapika pilau wakati ambapo pilau ilikuwa kitu cha kusimuliwa, na wacheza bao wakala mpaka wakaacha bao. Wote walimpa mkono baba. Wengine waliinama mlangoni wakazigusa raba.

Hyasinta alisubiri wageni wapungue, akamfuata Ubeid dukani.

"Mzee Ubeid, mtoto aende mwenyewe. Nafasi ni yake. Akili ni yake."

Ubeid alikuwa akikunja lasi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Hyasinta zaidi.

"Mwalimu, nikuulize. Elimu inapatikana?"

"Inapatikana, lakini..."

"Na binti yangu yuko ndani, salama, hajaguswa na upepo. Mzazi gani mwingine mjini hapa amejaaliwa vyote viwili?" Akaweka lasi kwenye rafu. "Mimi namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru."

Hyasinta alikasirika. Alitafuta neno kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kimakua na kwa Kijapani, hakulipata. Akarudi uani, akaosha mchele.

Siku ya safari sanduku la bati lilikuwa tayari, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Mchukuzi alikuwa nje na mkokoteni, treni ya bara haimsubiri mtu. Raba zilikaa penye kizingiti, ncha mtaani, zimepakwa chaki. Badriya akasimama nyuma yake, akakataa kuaga. Hakusema kwamba anakataa. Alinyamaza tu, na raba zikakaa. Ubeid akambembeleza, akamwita mama, akamwita roho yangu, akamkumbusha treni. Hamdiya, ambaye sasa alikuwa na miaka minane na alikuwa akihesabu siku za kwenda shule yeye mwenyewe, alimshika dada yake mkono.

Badriya akautoa mkono. Akakaa chini, akazivaa raba zile bila matambara, akazizungushia kamba kwenye vifundo vya miguu, akafunga mafundo mawili kila upande. Hyasinta alimwona na akaelewa, akasogea mbele ya Ubeid kama mtu anayetafuta kitu, ili amzibe. Badriya akasimama, akapiga hatua kwenda mlangoni, akapiga ya pili. Kwenye kizingiti mafundo yakafunguka yenyewe, polepole, kama kamba zinavyofunguka kwa mtu aliyetembea siku nzima. Raba zikavuka. Zilikuwa zimeshaizoea njia. Msichana akabaki ndani, peku, vidole vyake vimegusa mbao ya kizingiti.

Raba zikangoja barazani, zimeelekea nyumbani safari hii. Badriya akainama kama alivyofundishwa, akasema maneno ya anayebaki.

"Itterasshai."

Mchukuzi akapandisha sanduku. Ubeid alizisindikiza mpaka stesheni, akazikatia tiketi ya daraja la tatu, akaziweka dirishani zipate hewa, na akamwomba mama mmoja wa Dodoma aziangalie njiani. Mama yule akasema asijali, na yeye ana wake anayesoma.

Raba hazikurudi likizo ya kwanza. Ilisemekana zimechaguliwa kiranja. Likizo ya pili zilikwenda na shule kuvuna pamba. Badriya hakuuliza habari zao. Alifinyanga wali, akapanga vikombe, akajibu Hyasinta kwa Kijapani kilichonyooka kuliko cha mwalimu wake, na alipokuwa hana kazi alikaa juu ya visigino vyake ukumbini akitazama pazia la mlango. Hyasinta alimfundisha mapishi yote aliyoyajua, akaanza kutunga mengine.

Mwaka mpya wa masomo ulipokaribia kuanza, Bakili akapita kumkumbusha Ubeid kwamba yule mdogo naye ameshapita umri wa kuanza shule. Ubeid akasema analijua hilo, tena ameshaliandaa. Kesho yake akamwomba Hyasinta afuatane naye sokoni kuchagua raba za Hamdiya. Hyasinta alivua aproni yake upesi, akiamini huyu mdogo atakwenda mwenyewe. Tangu amjue, Ubeid hakuwahi kununua kitu cha watoto bila kukipeleka kwanza ndani kijaribiwe, na safari hii alitaka kununua moja kwa moja, kama mtu anayewahi jambo. Hamdiya aliwasindikiza mpaka kizingitini, akiruka kwa mguu mmoja. Alimwambia Hyasinta achague zenye soli ngumu, kwa sababu yeye anakimbia.

Viatu vilikuwa adimu mwaka ule, kwa ajili ya vita na upungufu wa kila kitu. Walizunguka soko lote, wakatoka, wakampata mchuuzi mmoja upande wa Msimbazi aliyetandaza raba chache juu ya gunia. Zilikuwa nzuri, nyeupe, bado zina harufu ya dukani. Ubeid alichuchumaa, akazigusa moja moja, akazikunja, akazinusa, uso umemlainika kwa mapenzi. Yule kijana akauliza anataka namba ngapi.

"Yoyote," Ubeid akasema. "Bora ziwe imara."

Kijana akasema sawa, akamfungia zilizokuwa juu. Kamba ziliuzwa kando, zimeviringishwa karatasini. Ubeid akampa Hyasinta vyote viwili, na Hyasinta, aliyeelewa sasa kwamba hazitavaliwa, akaanza kuzitia kamba palepale, wakitembea, kwa kuwa shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake asubuhi.